Percy Julian: Mjukuu wa Watumwa Aliyeitoa Homoni Kwenye Soya

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usione vyaelea, vimeundwa. Ukiingia katika duka la dawa ukamwona mama wa makamo akikabidhiwa pakiti ndogo ya vidonge vya homoni, ni rahisi kudhani kwamba vidonge hivyo vimekuwapo tangu dunia iumbwe. La hasha! Kuna watu waliokesha ili vipatikane, na mmoja wao ndiye ninayetaka kuwasimulia leo. Katika magazeti ya shule aghalabu tunasoma habari za wanasiasa, wanariadha na washairi. Si vibaya. Lakini mimi safari hii nimeamua kuwaletea mwanakemia. Jina lake ni Percy Lavon Julian, Mmarekani mweusi, na nawaomba wale wanaokimbia kila wasikiapo neno kemia wasifungue ukurasa mwingine. Nitakwenda nao aste aste.

Percy Julian alizaliwa tarehe 11 Aprili 1899 katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa karani wa posta katika treni, na mama yake alikuwa mwalimu. Babu zake walikuwa wamezaliwa utumwani. Hapo zamani za utumwa, katika majimbo mengi ya kusini, mtumwa kujua kusoma lilikuwa kosa. Babu yake mmoja alijifunza kusoma na kuandika, na kwa kosa hilo alikatwa vidole viwili vya mkono. Hebu tafakari hapo, ndugu msomaji. Sisi tunalalamika tukipewa insha ya kurasa mbili, na kumbe kuna mtu aliyelipia herufi kwa nyama ya mwili wake.

Walimkata vidole yule mzee, lakini kile alichokuwa amekwisha kujifunza hawakuweza kukikata. Nawasihi mlishike neno hilo, kwa maana maisha yote ya mjukuu wake yalikwenda kwa njia iyo hiyo.

Montgomery ya siku hizo haikuwa na shule ya upili ya serikali kwa watoto weusi. Julian alisoma kwanza katika shule ya msingi, kisha akaingia chuo kidogo cha kufunzia walimu weusi, ambacho masomo yake hayakutosha kumfikisha chuo kikuu. Hata hivyo, mwaka wa 1916 alipata nafasi katika Chuo Kikuu cha DePauw, mjini Greencastle, jimbo la Indiana. Baadaye alipenda kusimulia jinsi siku ya safari ndugu na jamaa walivyokuja kumuaga kwenye stesheni ya treni, na yule babu akampungia mkono uliopungukiwa na vidole.

Huko DePauw mambo hayakuwa mteremko. Mchana alihudhuria masomo ya chuo, na pamoja nayo akasoma masomo ya sekondari ambayo wenzake waliyamaliza kwao. Chakula na malazi alivitafuta kwa jasho lake: aliwahudumia wanafunzi wazungu mezani katika nyumba yao ya bweni, akawachochea tanuri la kupashia nyumba joto, na usiku akalala darini. Kwa kweli mtu mwingine angefunga virago. Yeye hakufunga. Mwaka wa 1920 matokeo yalipotoka, yule mhudumu wa meza ndiye aliyekuwa wa kwanza katika darasa lake. Wazazi wake nao hawakukaa kitako. Walihamia Greencastle ili watoto wao wengine wasome hapo, na wote sita walipata shahada.

Ungedhani sasa milango ingefunguka yenyewe. Wenzake wa darasa walikwenda moja kwa moja kusomea shahada za juu, lakini yeye alishauriwa arudi kusini akawafundishe watu wake. Akaenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Fisk. Mwaka wa 1922 alipata ufadhili wa kusoma Harvard, na mwaka uliofuata akatunukiwa shahada ya uzamili. Lakini nafasi ya kufundisha hapo, ambayo ingemwezesha kuendelea hadi uzamifu, alinyimwa, kwa hofu kwamba wanafunzi wazungu wasingekubali kufundishwa na mtu mweusi. Akarudi tena kwenye vyuo vya weusi, akafundisha, akangoja. Mvumilivu hula mbivu: mwaka wa 1929 alipata ufadhili mwingine, akavuka bahari hadi Vienna, nchini Austria. Huko hakuna aliyemzuia mlangoni mwa maabara. Mwaka wa 1931 alihitimu uzamifu wake katika kemia ya mimea.

Aliporudi Marekani alifanya kazi Chuo Kikuu cha Howard, na mwaka wa 1932 akarudi kule kule DePauw kufanya utafiti, pamoja na rafiki yake wa kutoka Vienna aliyeitwa Josef Pikl. Hapa ndipo Afrika yetu inapoingia katika hadithi. Kuna mbegu inayoitwa haragwe la Calabar, na Calabar ni mji wa Nigeria. Hapo kale watu walioshukiwa uchawi huko walinyweshwa maji ya mbegu hiyo. Aliyetapika akapona alihesabiwa hana hatia, na aliyekufa, basi ilisemwa sumu imemuumbua. Ndani ya sumu hiyo mna fizostigmini, ambayo kwa kipimo kidogo ilikuwa dawa ya glakoma, ule ugonjwa wa presha ya macho unaoleta upofu. Julian na Pikl walikusudia kuiunda dawa hiyo maabarani, hatua kwa hatua, bila kutumia mbegu yenyewe.

Kumbe si wao tu waliokuwa katika mbio hizo. Huko Oxford, Uingereza, alikuwako Robert Robinson, mmoja wa wanakemia wakuu duniani, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1947. Robinson alichapisha matokeo yake kwanza. Julian akayasoma, akalinganisha na yale aliyoyaona kwa macho yake, akagundua kwamba hayaoani. Wazia basi: kijana mweusi, hana cheo cha kudumu, anasimama hadharani na kusema kuwa bingwa wa Oxford amekosea! Angekosea yeye, huo ungekuwa mwisho wake. Kemia ina kipimo kimoja cha haki sana, nacho ni kiwango cha kuyeyuka: kila kitu safi huyeyuka kwa joto lake maalumu, na hakibadiliki kwa kuangalia sura ya mtu. Walipopima, kitu alichokiunda Julian kiliyeyuka sawasawa na kile cha asili. Mwaka wa 1935 ushindi ukawa wake.

Katika kazi hiyo alikutana na jambo dogo ambalo mwingine angelipuuza. Mafuta ya haragwe la Calabar yalipogusana na maji, zilijitenga fuwele nyeupe, yaani chembechembe zinazometa. Alizichunguza akakuta ni stigmasteroli, kitu kilichomo katika mimea kadhaa. Akaliweka jambo hilo akilini. Na nyinyi liwekeni, tutalihitaji.

Baada ya ushindi huo DePauw haikumpa uprofesa, kwa sababu ya rangi yake. Kampuni kubwa ya kemikali ya DuPont ikamchukua Pikl, yeye ikamwacha. Taasisi moja ya utafiti wa karatasi katika mji wa Appleton, jimbo la Wisconsin, ilitaka kumwajiri, lakini kanuni za mji huo zilikataza mtu mweusi kulala humo usiku. Jameni! Mwishowe, mwaka wa 1936, kampuni ya rangi na mafuta ya Glidden, huko Chicago, ilimpa kazi ya kuongoza utafiti wa maharagwe ya soya. Nusu ya mwaka nyuma, mkesha wa Krismasi wa 1935, alikuwa amemwoa Anna Johnson, ambaye naye mwaka wa 1937 alipata uzamifu katika elimu ya jamii. Ama kweli, ndege wa manyoya mamoja huruka pamoja.

Sasa nitue kidogo nieleze homoni yenyewe, maana bila hiyo hadithi haina kichwa. Katika mwili wa mwanamke kuna homoni mbili zinazopokezana kazi. Estrojeni hujenga ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, ukawa mnene. Projesteroni humwambia mjenzi huyo kuwa sasa basi, kisha huutayarisha ukuta kupokea mimba. Mimba isipotungwa, projesteroni hushuka na ukuta hubomoka, nayo ndiyo hedhi ya kila mwezi. Katika miaka ya 1930 madaktari walitaka sana projesteroni, hasa kwa kujaribu kuzuia mimba zisiharibike. Lakini kuipata ilikuwa kama kutafuta lulu. Mwaka wa 1934 huko Ujerumani, Adolf Butenandt na wenzake walitumia ovari za nguruwe 50,000 wakapata miligramu 20 tu, yaani chembe isiyojaza hata ncha ya kijiko cha chai. Wajerumani hao hao walionyesha kwamba stigmasteroli ya mimea inaweza kugeuzwa kuwa projesteroni. Swali likabaki: hiyo stigmasteroli nyingi itatoka wapi?

Siku moja ya mwaka 1940 Julian alipata habari mbaya kutoka kiwandani. Maji yalikuwa yamevuja na kuingia katika tangi kubwa lenye galoni 100,000 za mafuta safi ya soya, na chini ya tangi palikuwa na matope meupe. Kwa msimamizi wa ghala hiyo ilikuwa hasara tupu, mafuta ya kumwagwa. Kwa Julian, matope yale meupe hayakuwa mageni. Alikuwa amekwisha kuyaona DePauw, katika mafuta ya haragwe la Calabar! Maji yalikuwa yameitoa stigmasteroli katika mafuta, bila mtu kupanga. Alitafuta njia ya kufanya kwa makusudi kile ambacho mvujo ulifanya kwa ajali, na punde si punde Glidden ikaanza kutengeneza projesteroni kwa ratili badala ya miligramu. Inasimuliwa kwamba ratili ya kwanza ilithaminiwa kuwa zaidi ya dola 60,000, ikasafirishwa kwa gari la ulinzi kama fedha za benki.

Watu husema ilikuwa bahati. Mimi nasema bahati ilivuja katika tangi, lakini macho ya kuitambua yalitoka DePauw. Walimnyima uprofesa pale. Zile fuwele alizoziona hawakuweza kumnyima. Ni mambo ya babu yake yale yale.

Soya hiyo hiyo ilimpa mengine. Kutokana na protini yake kulitengenezwa povu la kuzima moto wa mafuta, ambalo wanamaji wa Marekani walilitumia katika Vita vya Pili vya Dunia. Na mwaka wa 1949, dunia ilipokuwa ikishangilia kotisoni, dawa mpya ya baridi yabisi ambayo bei yake ilikuwa haishikiki, Julian alipata njia ya kutengeneza kutokana na soya kitu kinachokaribiana sana na kotisoni.

Mnamo 1950 gazeti moja la Chicago lilimtaja kuwa mtu bora wa mwaka mjini humo. Mwaka huo huo alinunua nyumba Oak Park, kitongoji cha wazungu nje ya Chicago. Kabla hata hawajahamia, watu wasiojulikana walijaribu kuichoma moto. Mwezi wa Juni 1951, wakiwa wamekwisha kuhamia, baruti ilirushwa karibu na dirisha la chumba ambamo watoto walilala. Mungu saidia, hakuna aliyeumia. Tunaambiwa usiku alikuwa akikaa nje kulinda nyumba, bunduki mkononi, na mwanawe kando yake. Mchana alikuwa akitafuta dawa za kupunguza maumivu ya watu, wakiwamo pengine wale wale waliorusha baruti. Familia haikuhama.

Mwaka wa 1953 aliacha kazi Glidden akaanzisha maabara yake mwenyewe, na baadaye tawi huko Mexico. Mexico ilikuwa na kiazi cha mwitu ambacho mwanakemia Russell Marker alikuwa ameonyesha, katika miaka ya 1940, kwamba kinaweza kutoa projesteroni kwa wingi kuliko soya. Si haki kumpa mtu mmoja sifa zote, kwa hiyo Marker namtaja hapa. Katika maabara yake Julian aliajiri wanakemia weusi na wanawake ambao kwingine walifungiwa mlango. Siku moja wataalamu wake walipata njia ya kuongeza mazao ya bidhaa fulani mara nne. Mfanyabiashara mwingine angeuza kwa bei ya zamani na kutia kibindoni. Yeye aliteremsha bei kutoka dola 4,000 kwa kilo hadi dola 400. Aliiuza kampuni hiyo mwaka wa 1961 kwa dola zaidi ya milioni mbili, akaendelea na utafiti na kuchangisha fedha za kupigania haki za raia weusi. Mwaka wa 1973 alichaguliwa katika Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani, mwanakemia mweusi wa kwanza kuingia humo. Alifariki tarehe 19 Aprili 1975 kwa saratani ya ini, akiwa na umri wa miaka 76.

Je, na yule mama wa duka la dawa? Sasa tumfikie. Mwanamke anapokaribia miaka 50 hivi, ovari hupumzika na hedhi hukoma. Si ugonjwa, ni zamu ya maisha. Lakini kwa wengi huja na joto la ghafla linalopanda hadi usoni, jasho la usiku, usingizi wa mang'amung'amu na mifupa kupungua nguvu. Madaktari wa zamani waliwapa estrojeni pekee, na nafuu ikapatikana. Miezi michache baada ya Julian kuzikwa, Desemba 1975, tafiti mbili zilichapishwa Marekani zikionyesha kwamba wanawake waliomeza estrojeni pekee walipatwa zaidi na saratani ya ukuta wa mfuko wa uzazi. Sababu tumekwisha kuiona: mjenzi aliachiwa kazi bila mtu wa kumwambia basi. Tangu hapo mwanamke mwenye mfuko wa uzazi anayepewa estrojeni huongezewa kitu cha kufanya kazi ya projesteroni.

Kitu hicho mara nyingi si projesteroni yenyewe, kwa kuwa ikimezwa hivi hivi huvunjwa upesi tumboni na kwenye ini kabla ya kufanya kazi. Wanakemia waliibadilisha umbo kidogo ili istahimili, na dawa hizo za kutengenezwa huitwa projestojeni. Mojawapo ni norethisteroni, iliyoundwa Mexico mwaka wa 1951. Nyingine ni medroksiprojesteroni, ambayo hapa kwetu Kenya wengi huijua kwa kazi yake nyingine, ile sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi. Dawa za jamii hii hutengenezwa kutokana na mali ghafi ya mimea, na soya imo. Siku hizi pia projesteroni halisi husagwa iwe unga laini mno ili iweze kumezwa.

Nisije nikawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa: dawa hizi zina uzuri na ubaya. Mwaka wa 2002 utafiti mkubwa wa Marekani, uliohusisha wanawake zaidi ya 16,000 na uliotumia estrojeni pamoja na medroksiprojesteroni, ulisimamishwa kabla ya wakati. Ulikuta kwamba kuvunjika mifupa kulipungua, lakini saratani ya matiti, kiharusi na kuganda kwa damu viliongezeka kidogo. Wanawake wengi duniani waliogopa wakaacha dawa. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa umri, aina ya dawa na muda wa kuitumia ni mambo muhimu sana, na kwamba kwa mwanamke asiyefika miaka 60, ambaye hedhi yake haijakoma muda mrefu na ambaye hana hatari nyingine, faida huweza kuzidi madhara. Uamuzi ni wake na daktari wake. Naamini Julian asingekasirika kwa kupimwa hivyo. Yeye mwenyewe alimpima bingwa wa Oxford.

Kilichonigusa zaidi ni hiki. Akina mama wetu wengi huupita wakati huo wa maisha kimyakimya, wakiona haya hata kuutaja, na sisi watoto tunadhani mama amekuwa mkali tu bila sababu. Mtu mmoja ambaye hakuwahi kuwajua alitumia miaka yake kuhakikisha kwamba atakayehitaji msaada asilazimike kuwa tajiri. Angeweza kuitumia miaka hiyo kuwakasirikia waliomfungia milango, na nani angemlaumu? Lakini alijua, kama babu yake alivyojua, kwamba vidole hukatwa, kazi hunyimwa, nyumba huchomwa, na elimu ikishaingia kichwani haina wa kuikata.

Basi, mwenzangu, ukiingia maabara kesho na ukaona kitu cheupe kimejitenga chini ya chupa, usikimwage haraka. Kitazame kwanza, ukiandike daftarini. Huwezi kujua utakihitaji mwaka gani.